Karata na Hesabu ya Mfuko

Karata ni mchezo wa akili. Ila yafaa tutazame akili hiyo ni ya nani. Mwaka 1993, nchini Marekani, kampuni ya Wizards of the Coast ilitoa mchezo uitwao Magic: The Gathering, uliobuniwa na mtaalamu wa hisabati, Richard Garfield. Humo wachezaji hawagawani jozi moja. Kila mmoja huja na karata zake, alizozinunua katika pakiti zilizofungwa, asijue kilichomo. Ndio utamu wake: kupanga vita kwa hekima, na kutumaini karata adimu. Lakini uadimu huo si wa lulu ya bahari. Huamuliwa na mchapaji. Mwaka 1996 kampuni iliahidi kutozichapa tena baadhi ya karata za awali. Wazazi, mfunzeni mtoto hesabu ya mchezo, na hesabu ya mfuko pia.