Mbwa hana kosa

Maswali ya wasomaji kuhusu parvo yamerundikana, na mengi yanaanza na mbwa. Mbwa wa jirani kafa kwa parvo, mama mjamzito alikuwa akimlisha. Je, mtoto tumboni yuko salama? Kwa upande wa mbwa, yuko salama. Parvo ya mbwa, iliyoibuka mwishoni mwa miaka ya 1970, haimwambukizi binadamu, na ya binadamu haimwambukizi mbwa. Anayekuuzia dawa ya "kusafisha damu" kwa sababu umeishi na mbwa, kinachosafishwa hapo ni mfuko wako.

Ya watu inaitwa parvovirusi B19. Yvonne Cossart na wenzake waliigundua London mwaka 1975 wakati wakipima damu kwa ajili ya homa ya ini aina ya B. Sampuli namba 19 ya kundi B ikawatatiza, na jina likabaki hilo. Kirusi hiki husambaa kwa kikohozi na chafya, hasa miongoni mwa watoto wa shule. Mwaka 2024 kilipanda kwa kasi Ulaya na Marekani: kati ya watoto wa Kimarekani wa miaka 5 hadi 9 waliopimwa, wenye dalili za maambukizi mapya kwenye damu walifika asilimia 40 mwezi Juni, kutoka asilimia 15.

Namna kinavyofanya kazi ndiyo inayonivutia. Maelekezo yake yote ya urithi ni herufi 5,600 hivi. Ya binadamu ni bilioni tatu. Kwa udogo huo hakina hata kimeng'enya chake cha kunakili DNA, kwa hiyo lazima kitumie vifaa vya seli iliyo katikati ya kugawanyika. Ndani ya uboho zimo seli changa zinazozaa chembe nyekundu, zinagawanyika usiku na mchana, na juu yake zimebeba molekuli iitwayo antijeni P. B19 huikamata hiyo. Watu wachache mno waliozaliwa bila antijeni P hawaambukizwi kabisa. Kirusi kikishaingia hujinakili, huiua seli, huhamia nyingine, mpaka mililita moja ya damu inaweza kubeba virusi trilioni moja. Kwa wiki moja au zaidi kidogo, chembe nyekundu mpya hazitengenezwi.

Mbona basi wengi wetu tuliugua tusijue? Maji ya bomba yakikatika wiki nzima, mwenye tangi kubwa hashtuki. Mwenye ndoo moja anahangaika kesho yake. Chembe nyekundu za mtu mwenye afya huishi siku 120 hivi, akiba ipo. Za mwenye selimundu huishi siku 10 hadi 20. Uzalishaji ukisimama, damu yake inaporomoka ndani ya siku chache, bila jeraha, bila tone kumwagika. Hapo ndipo utasikia kanyonywa damu, mumiani kapita, mtoto ana jini. Tangu 1981 madaktari wa London na Jamaika walishaonyesha kwamba anayesababisha janga hili kwa watoto wa selimundu ni B19. Rozela, juisi ya bitiruti na chupa za madini ya chuma hazifungui kitu hapa: chuma kipo, seli za kukitumia ndizo hazipo.

Daktari makini huanza na kipimo ambacho si cha kirusi kabisa. Huhesabu retikulosaiti, yaani chembe nyekundu changa zilizotoka kwenye uboho juzi na jana. Kwa mwenye selimundu kwa kawaida huwa nyingi, kwa sababu mwili unafidia. Zikishuka chini ya asilimia moja huku damu ikipungua, uboho umesimama. Bandama ikiwa imevimba ghafla na retikulosaiti ni nyingi, basi damu imenasa kwenye bandama, na hiyo ni dharura nyingine.

Vipimo vya kirusi chenyewe vina siku zake. Katika jaribio la Uingereza lililochapishwa 1985, watu waliojitolea walitiwa kirusi puani. Wiki moja hivi baadaye kilijaa kwenye damu wakapata homa, lakini vipele na maumivu ya viungo vilikuja wiki ya tatu, kingamwili zilipokwisha kufika. Kwa hiyo mtoto anayeletwa damu imeporomoka anaweza kuwa bado hana kingamwili aina ya IgM, na jibu la "hasi" likamdanganya mtu. Kwake kipimo ni PCR, kinachotafuta DNA ya kirusi. Mwenye vipele au viungo vinavyouma, IgM inatosha. IgG peke yake ni kumbukumbu ya zamani. Tena PCR inaweza kuonyesha mabaki miezi mingi baada ya kupona, na kwa mwenye VVU aliyedhoofika sana kingamwili huenda zisitokee kabisa. Mashavu mekundu ya picha za vitabuni, kwenye ngozi nyeusi huyaoni kirahisi. Na kile kimashine cha kushika kiganjani, kinachodai kusoma maradhi yote kwa dakika moja, hakijawahi kuona hata retikulosaiti moja. Achaneni nacho!

Mjamzito aliyekaa na mgonjwa apimwe IgG na IgM. Mwenye IgG bila IgM ana kinga, akalale. IgM ikionekana, hasa kabla ya wiki ya 20, atafuatiliwa kwa ultrasaundi kuona kama mtoto anapungukiwa damu. Wengi huzaliwa salama. Chanjo hakuna, dawa maalumu ya kuua kirusi hakuna. Mtoto wa selimundu aliyepauka na kuchoka ghafla apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, huenda akaongezewa damu, na uboho wake utaamka wenyewe. Nduguye mwenye selimundu pia apelekwe, hata kama bado anacheza mpira uani.