Kilima cha Mweka Chawapima Wakimbiaji

Wasomaji wanaodhani kuwa mbio ndefu ni kazi ya miguu tu, na waende Moshi. Huko, tangu mwaka 2003, hukimbiwa marathoni ya Kilimanjaro, yaani kilomita 42 na zaidi. Kwanza njia ni tambarare, katika barabara ya kuelekea Dar es Salaam, na hapo vijana wengi hujisahau wakatimua mbio. Kisha hurudi mjini na kupanda mlima kuelekea Mweka, kati ya migomba na mibuni, jua limekwisha kuwa kali. Aliyejisahau sasa hutembea. Watu wa kando ya njia humshangilia vile vile, jambo ambalo, kwa mwenye haya, huuma kuliko goti. Naye mzee aliyeanza polepole humpita, asiseme neno.