Samaki wa kwetu katika sebule za Texas: maji kwanza, chakula baadaye

Na Mwandishi Wetu, Richardson, Texas

Majina ya Kigoma, Ikola, Karilani, Burundi na Moba yanafahamika vizuri kwa Wamarekani ambao hawajawahi kukanyaga Afrika Mashariki. Wanayafahamu kwa sababu ya samaki. Wafugaji wa samaki wa mapambo huita samaki wa Ziwa Tanganyika kwa jina la mahali walikovuliwa, au walikovuliwa wazazi wao, na kibandiko cha dukani huandikwa hivyohivyo. Wale wa miambani kutoka Ziwa Nyasa wanaitwa mbuna dunia nzima, jina walilopewa na wavuvi wa huko huko ziwani.

Yupo na samaki mmoja mdogo wa Ziwa Viktoria, dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa manjano wenye milia myeusi. Jina lake la kitaalamu ni Pundamilia nyererei. Wataalamu walimwandika rasmi mwaka 1985 na kumpa jina la Mwalimu Julius Nyerere, mwaka uleule ambao Mwalimu aliondoka Ikulu. Neno "pundamilia" liliongezwa mwaka 1998, ukoo wake ulipotengwa na koo nyingine. Ni Kiswahili kitupu, limeingia katika vitabu vya sayansi bila kubadilishwa hata herufi.

Kwa hiyo si ajabu kwamba Mtanzania, Mkenya au Mkongomani anayeishi hapa Richardson, au kule Houston, akiwaona samaki hawa dukani hushikwa na hamu ya kuwapeleka nyumbani. Hununua tangi la kioo la galoni 55, ambalo ni lita 200 na ushei, huweka changarawe na mawe, hujaza maji ya bomba na kutia samaki jioni ileile. Baada ya wiki mbili samaki wanaelea. Hapo lawama huenda kwa mwenye duka, kwa baridi ya Texas, na pengine hata kwa jicho la jirani. Kwa kawaida hakuna hata mmoja kati ya hao mwenye hatia. Samaki wamekufa kwa maji, au kwa wema wa mkono unaowalisha.

Tuanze na maji, maana hapa ndipo mazoea ya nyumbani yanapotudanganya.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba maji ya bomba yenye dawa yakilazwa usiku kucha katika ndoo iliyo wazi, asubuhi yanakuwa salama. Hilo ni kweli kwa klorini, kwa sababu hupaa hewani. Lakini mji wa Richardson hununua maji yake kutoka mamlaka ya North Texas Municipal Water District, na mamlaka hiyo kwa sehemu kubwa ya mwaka haitumii klorini tupu. Inatumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia. Dallas nayo inafanya hivyo. Kloramini hupendwa na mamlaka za maji kwa sababu hudumu muda mrefu ndani ya mabomba, na sababu hiyohiyo ndiyo inayomponza samaki: ukilaza maji usiku mmoja haitoki. Hupita kwenye matamvua, huingia katika damu na kuizuia kubeba hewa. Samaki hupanda juu na kutwetatweta kana kwamba ndani ya maji hamna pumzi.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni wa Texas ya kaskazini halitambui mpaka limkute. Kila mwaka, kwa kawaida mwezi Machi, kwa muda wa wiki 4 hivi, mamlaka hiyo huacha kutia amonia na kutumia klorini peke yake ili kusafisha mabomba. Ndiyo maana maji huanza kunuka kama bwawa la kuogelea. Mtu aliyezoea kipimo fulani cha dawa ya samaki anaweza kujikuta katika wiki hizo kipimo chake hakitoshi.

Dawa ya kuondoa klorini na kloramini inauzwa kila duka la samaki na bei yake ni ndogo. Soma chupa. Kama inasema inaondoa klorini tu, iache. Chukua ile inayotaja kloramini na pia inayoshughulikia amonia, kwa sababu kloramini ikivunjwa amonia hubaki majini. Na kama unajaza kwa mpira moja kwa moja kutoka bombani badala ya ndoo, pima dawa kwa ujazo wa tangi zima, si kwa maji mapya tu.

Amonia hiyo ndiyo adui wa pili. Samaki mwenyewe huitoa kila anapopumua na kwenda haja. Ziwani inapotea katika maji yasiyo na mwisho, lakini katika kioo cha lita 200 hurudi kwake. Kinachomwokoa ni bakteria wanaoishi ndani ya chujio, juu ya sponji na mawe. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, na jingine hugeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia mpaka utakapobadilisha maji. Bakteria hawa huchukua wiki 4 hadi 6 kuongezeka na kutosha. Ndiyo maana tangi jipya linaloonekana safi kama lulu ndilo linaloua. Njia fupi ni kumwomba rafiki mwenye tangi la zamani lisilo na ugonjwa akupe kipande cha sponji yake chafu. Hiyo ni zawadi kubwa kuliko samaki wenyewe. Na chujio lisioshwe chini ya bomba, kwani kloramini inaweza kuwaua bakteria. Lioshe katika ndoo ya maji uliyoyatoa tangini.

Baada ya hapo kazi ni nyepesi. Badilisha robo ya maji kila wiki, au zaidi kidogo, na maji mapya yakaribiane joto na ya zamani. Nunua vifaa vya kupimia maji vya matone: amonia na nitriti zinatakiwa kuwa sifuri, hakuna mjadala.

Pamoja na maudhi ya kloramini, sisi wenye samaki wa kwetu tuna bahati. Maji ya hapa yana chumvichumvi za mawe ya chokaa na pH yake huwa upande wa juu. Samaki wa Amazoni huteseka nayo, wale wa Tanganyika huyafurahia, maana ziwa lao lina pH inayokaribia 9. Hata mawe yenye matundumatundu ambayo wafugaji wa samaki wa Afrika huyatafuta sana kwa ajili ya kujificha samaki wao ni mawe ya chokaa yanayotoka milima ya katikati ya Texas. Kwa hiyo usinunue vikopo vya kemikali vya kubadilisha pH kabla hujapima maji yako.

Sasa chakula. Samaki wa jamii hii ni ombaomba wasio na aibu. Ukipita mbele ya kioo hukimbilia juu na kufungua midomo, na kila mgeni anayeingia nyumbani huwaonea huruma. Kwetu mgeni hula mpaka aseme ameshiba, lakini samaki hasemi. Kanuni inayofanya kazi ni kuwapa kile wanachomaliza katika dakika 2 hivi, mara moja au mbili kwa siku, na siku moja ya wiki wafunge kabisa. Mabaki yanayozama hugeuka amonia. Mkate na makombo ya ugali yasikaribie tangi.

Lakini kiasi si kila kitu. Tropheus wa Kigoma, yule mweusi au mwenye mkanda anayependwa na wafugaji wazoefu, kazi yake ziwani ni kukwangua mwani kwenye mawe kutwa nzima. Utumbo wake ni mrefu, umetengenezwa kwa majani. Ukimlisha minyoo na nyama ya ng'ombe, kama vitabu vya zamani vilivyoshauri kwa samaki wengine, tumbo huvimba, huacha kula, kinyesi huwa cheupe kama uzi, na siku chache baadaye amekufa, mara nyingi pamoja na wenzake. Mpe chakula cha spirulina. Hicho ni kiumbe cha kijani kilekile ambacho flamingo wadogo, yaani heroe, hukichuja katika maziwa ya magadi ya Nakuru, Bogoria na Natron. Njegere zilizochemshwa na kumenywa pia zinafaa, na majani ya mchicha yaliyochovywa katika maji ya moto.

Frontosa, yule mwenye nundu kichwani, ni kinyume chake: hula samaki wadogo, na nyumbani hupewa kamba na vidonge vya protini. Kuwaweka Frontosa na Tropheus tangi moja ni kuandaa meza ambayo lazima mmoja augue. Nyererei wetu yuko katikati. Ziwani hula vijidudu vinavyoelea na viluwiluwi vya wadudu, hivyo kamba wadogo waliogandishwa wanamfaa, pamoja na chakula cha kawaida cha punje. Akae dume mmoja na majike 4 au zaidi. Madume wawili katika tangi dogo watapigana mpaka mmoja afe. Ukimwona jike amefumba mdomo, kidevu kimevimba na hali, usikimbilie dawa. Anaatamia mayai mdomoni, na atakaa hivyo wiki 3 hivi.

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya starehe tu. Kwa samaki wa Ziwa Viktoria si hivyo. Ziwa hilo lilikuwa na aina zinazokadiriwa kufika 500 za samaki wadogo ambao Wasukuma na majirani zao huwaita furu, na Wajaluo huwaita fulu. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na alipofurika miaka ya 1980 aina zipatazo 200 zilitoweka au kuadimika kabisa. Waliobaki wana tatizo la maji kuchafuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba furu jike huchagua dume kwa rangi, na maji yanapokuwa na tope haoni vizuri, hivyo aina huanza kuchanganyika. Kuna furu ambao hawajaonekana ziwani kwa miaka mingi na bado wanazaliana katika matangi Ulaya na Marekani. Mpango unaoitwa CARES unawahimiza wafugaji wa kawaida kutunza aina zilizo hatarini na kuweka kumbukumbu zao. Mmoja wa wanaojulikana sana katika biashara hii anaitwa "Christmas fulu", kutoka Ziwa Kanyaboli katika kinamasi cha Yala, Kenya. Ukiwa na furu wa aina hiyo usimchanganye na furu mwingine, kwa sababu majike wanafanana na watoto watakuwa machotara wasiofaa kumpa mtu.

Texas ina mitihani yake. Tarehe 16 Februari 2021 joto la Dallas lilishuka hadi nyuzi 19 chini ya sifuri, na katika dhoruba ile zaidi ya nyumba na biashara milioni 4 za jimbo hili zilikosa umeme. Houston nayo ilipata kinyume chake Julai 2024, kimbunga Beryl kilipowakatia umeme wateja zaidi ya milioni 2 katikati ya joto kali. Katika hali zote mbili kinachoua kwanza mara nyingi ni kukosa hewa majini. Weka nyumbani pampu ndogo ya hewa inayotumia betri. Kama huna, chota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu mara kwa mara. Wakati wa baridi funika tangi kwa mablanketi, na usiwalishe. Umeme ukirudi, usiwashe chujio lililokaa saa nyingi bila maji kupita kabla ya kulisuuza, maana bakteria wamekufa ndani yake na maji yake yameoza.

Likizo ya Desemba nayo huja. Unakwenda Mombasa au Dar wiki 3, samaki wanabaki na nani? Samaki wakubwa wenye afya wanaweza kukaa wiki nzima bila kula, hivyo hofu isizidi. Kwa safari ndefu, gawa chakula katika vifurushi vidogo vya siku moja moja, mwachie jirani vifurushi vichache, na kopo lenyewe lifiche. Jirani mwenye roho nzuri na kopo zima ni hatari kuliko njaa. Badilisha maji siku chache kabla ya safari, usisubiri asubuhi ya kwenda uwanja wa ndege, ili kama kuna kasoro uione.

Na ukichoka kufuga, au samaki wakizidi, usiwapeleke mtoni wala kwenye mfereji wa nyuma ya nyumba. Katika mto San Marcos na katika mifereji ya Houston tayari wamejaa kambare wenye magamba magumu ambao asili yao ni matangi ya majumbani, wakichimba kingo na kumaliza mwani. Duka nyingi za samaki hupokea samaki wazima na kukupa chakula au vifaa badala yake, na vyama vya wafugaji vya Dallas na Houston huwa na minada ambako furu wa Kanyaboli hapati shida kupata mwenyewe.