Homa Imeondoka, Je Damu?

Wapenzi wengi tunajua kuuguzana. Akikohoa unamchemshia tangawizi, unamtilia limao na asali, usiku unamgusa paji la uso kuona kama joto limeshuka. Likishuka, basi, kila mtu anarudi kazini. Kwa mafua ya kawaida hiyo inatosha. Kwa korona haitoshi, na sababu si mapafu peke yake. Ni damu.

Habari hii nilianza kuifuatilia mwaka 2020 kupitia kwa mwanamama wa Marekani, Amanda Kloots, mwalimu wa mazoezi ya mwili aliyewahi kuwa dansa. Mumewe, Nick Cordero, alikuwa mwigizaji wa jukwaani kutoka Kanada, na mwaka 2014 aliteuliwa kuwania tuzo ya Tony kwa onyesho la Bullets Over Broadway. Walioana mwaka 2017, wakapata mtoto wa kiume Juni 2019. Yaani watu kama wewe na mwenzako: kazi zinakwenda, mtoto bado mdogo, wanapanga maisha mapya katika jiji la Los Angeles. Cordero alikuwa na miaka 41, na mkewe alieleza kwamba hakuwa na ugonjwa wowote uliojulikana.

Mwishoni mwa Machi 2020 alilazwa. Mwanzoni ilidhaniwa ni nimonia tu. Kipimo cha korona kilitoka hasi mara mbili, cha tatu kikawa chanya. Akawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Hadi hapo ni habari ambayo mwaka ule tuliizoea. Kilichonishtua ni kilichofuata: damu iliganda, ikawa haifiki vizuri kwenye mguu wa kulia. Akapewa dawa za kuzuia damu kuganda, nazo zikamfanya avuje damu kwenye utumbo, ikabidi zisimamishwe. Ukizima huku, kunawaka kule! Tarehe 18 Aprili mguu ukakatwa. Amanda alikuwa akitoa taarifa kila siku kwenye Instagram, na saa tisa alasiri mashabiki waliimba wimbo wa mumewe popote walipokuwa. Tarehe 5 Julai, baada ya siku zaidi ya 90 hospitalini, Cordero alifariki.

Sasa, kirusi kilichoingilia puani kinafikaje mguuni? Ndani ya mishipa ya damu kuna utando laini unaoifanya damu iteleze. Korona huuvimbisha utando huo, na kinga ya mwili, katika hasira ya kupambana, humwaga kemikali zinazoamsha kazi ya kugandisha damu. Ni kazi ileile inayokuokoa ukijikata na kisu jikoni, ila hapa inafanyika pasipo na kidonda. Ongeza siku za kulala kitandani bila kutembea, damu inatuama miguuni. Donge la mguuni likikatika, husafiri hadi kuziba mshipa wa mapafu. Donge likiziba mshipa wa ubongo, hicho ni kiharusi.

Madaktari wa Uholanzi waliliona hili mapema. Aprili 2020 walitoa matokeo ya wagonjwa 184 wa korona waliokuwa vyumba vya wagonjwa mahututi: asilimia 31 walipata matatizo ya damu kuganda.

Dada mmoja hapa ofisini aliponisikia nikisimulia alidakia, "Lakini mimi si nilishapona?" Swali zuri. Utafiti wa Sweden uliotoka mwaka 2022, uliofuatilia watu zaidi ya milioni moja waliougua kati ya Februari 2020 na Mei 2021, ulionyesha kwamba hatari ya donge la mguuni ilibaki juu hadi miezi 3 baada ya kuambukizwa, na ya donge la mapafuni hadi miezi 6. Katika siku 30 za mwanzo, donge la mapafuni lilitokea mara 33 zaidi kuliko kwa wasiougua. Usikimbie bado: hao ni watu kama 17 kati ya kila 10,000. Walioumwa sana ndio walioathirika zaidi, ila hata waliougulia nyumbani hawakusalimika wote.

Kwetu Tanzania wengi neno "damu kuganda" tulilisikia zaidi mwaka 2021, chanjo ya Janssen ilipoingia. Tatizo lilikuwepo kweli. Aprili mwaka huo Marekani ilisimamisha chanjo hiyo kwa muda baada ya watu 6 kupata madonge ya aina adimu, kati ya dozi zaidi ya milioni 6.8. Kilichoniudhi mimi ni kwamba vijiweni chanjo ilijadiliwa usiku kucha, ugonjwa wenyewe na madonge yake hakuna aliyeutaja.

Akina dada, tuongee kidogo. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni huongeza uwezekano wa damu kuganda, na ujauzito pia. Ukiugua korona ukiwa katika hali mojawapo, mwambie daktari hata kama hajauliza. Usiache vidonge kimyakimya ukaja kupata mimba usiyoipanga.

Na wewe unayemuuguza, ukiacha joto, tazama miguu. Shavu la mguu mmoja limevimba kuliko la pili, linauma, lina joto? Hospitali, leo, na usilikande wala kulichua kwa dawa ya kuchua. Amekatika pumzi ghafla, kifua kinachoma akivuta hewa, anakohoa damu, ameanguka? Hapo hakuna kusubiri asubuhi. Mdomo umepinda au mkono umelegea, vivyo hivyo.

Aspirini ya kujinunulia isikudanganye. Utafiti wa RECOVERY ulioongozwa kutoka Uingereza, wenye wagonjwa karibu 15,000 waliolazwa, ulionyesha mwaka 2021 kwamba haikupunguza vifo. Akiandikiwa na daktari dawa za kuzuia damu kuganda, ziwekeeni saa ya kukumbusha kwenye simu, asiruke dozi wala asichanganye na dawa nyingine bila kuuliza. Fizi zikitoka damu bila kukoma au choo kikiwa cheusi kama lami, mrudishe hospitali siku hiyohiyo, na boksi la dawa mkononi.