Bomba la nusu inchi, tundu la ngapi?

Kipande alichokikata fundi ukutani mwa bafu la mama, Tanga, ninacho hapa mezani. Ni chuma cha nusu inchi, kile cha kupakwa zinki. Kwa nje bado kizima, lakini ndani kutu imejaa hata penseli haipiti. Miaka yote tulisema presha ya maji ni ndogo. Kumbe maji ya kisima yenye chumvi yalikwisha kula zinki, yakahamia kwenye chuma chenyewe.

Dukani utatajiwa bei ya kipande, na hapo wengi tunakosea hesabu. Bomba la chuma lina urefu wa mita 6, la plastiki ya PPR mita 4. Kwa mita 24 utanunua vipande 4 vya chuma au 6 vya PPR. Tafuta kwanza bei ya mita moja, halafu ongeza elbo, tii na soketi. Kwenye PPR, zile soketi zenye uzi wa shaba za kufungia koki ndizo zinazovimbisha risiti.

Chuma kinafaa bado nje, penye jua na kugongwagongwa, maana jua huichosha plastiki. PVC ya gundi ni ya maji baridi. Usiipeleke kwenye hita. Kutoka mita ya maji hadi kwenye tangi, chukua poli paipu ya roli, uifukie bila kiungo njiani.

Ndani ya ukuta mimi nachagua PPR, ila angalia kipimo. Ya milimita 20 mafundi huiita nusu inchi, lakini hizo 20 ni za nje. Ile nene ya PN20, inayobeba maji ya moto, ina unene wa milimita 3.4, kwa hiyo tundu linabaki 13.2. Chuma kipya cha nusu inchi kina tundu la kama 16. Ukibadilisha nusu kwa nusu, umelipa fundi akupunguzie maji! Kwa bomba kuu la nyumba chukua ya 25, yenye tundu la 16.6. Nyongeza hiyo ya bei ni chungu leo, lakini haifikii gharama ya kubandua vigae mara ya pili.

Halafu kuna mkono wa fundi. PPR huunganishwa kwa kuchomwa, mashine ikiwa nyuzi 260, na ya milimita 25 hukaa sekunde 7. Ikizidishwa, plastiki huvimba kwa ndani na kuziba njia, na kwa nje huoni kitu. Nilimwomba fundi wetu achome kiungo kimoja cha majaribio, kisha akipasue kwa msumeno tukitazame pamoja. Alikubali bila kinyongo, na tundu lilikuwa safi.

Tulikubaliana pia kwamba malipo ya mwisho yasubiri kupimwa kwa presha kabla ya plasta. Koki zikafungwa, pampu ikasukumwa, na elbo moja nyuma ya sinki ikatoa jasho. Akaikata, akachoma nyingine, tukapima tena. Ndipo tukaagiza saruji.