Barua ya Chuo Siyo Ada

Mazungumzo haya yalisikika redioni wiki hii. Tunayachapisha kwa ajili ya wale ambao hawakuwahi kuyasikiliza.

Kila mwaka, kati ya mwezi wa Machi na Juni, vijana wetu wengi wenye shahada ya kwanza hupokea barua kutoka vyuo vikuu vya ng'ambo. Barua zenyewe ni nzuri. Zina nembo ya chuo, zina sahihi ya msajili, na zinaeleza kwamba mwombaji amekubaliwa kusoma shahada ya uzamili ya sheria, au ya uchumi, au ya afya ya jamii, kuanzia Septemba. Nyumbani huwa ni vigelegele. Halafu mtu mzima mmoja katika familia huuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa mwaka mzima nyuma: nani atalipa?

Hapo ndipo huanza mbio za sakafuni. Kamati ya mchango huundwa kama ya harusi, kadi huchapishwa, mjomba aliyeko Mwanza hupigiwa simu, na pengine kiwanja cha Chanika huingizwa sokoni kwa bei ya kutupa. Septemba hufika fedha hazijatimia, na ile barua nzuri huishia ndani ya faili.

Wiki hii nataka kuzungumzia fedha hizo. Sina maana ya fedha za chuo chenyewe, kwani hizo kila chuo kina utaratibu wake. Nina maana ya fedha za nje, yaani zile zinazotolewa na serikali, mashirika na mifuko mbalimbali ili mtu alipiwe masomo ya juu. Fedha hizo zipo, na Watanzania, Wakenya na Waganda huzipata. Lakini hazimfuati mtu kwa sababu tu amekubaliwa chuoni. Zina mlango wake, zina saa yake, na zina mwenyewe.

Tuanze na huyo mwenyewe, maana ndiye anayesahauliwa. Chuo hujiuliza kama mwombaji ataweza masomo. Mfadhili hujiuliza fedha yake itafanya kazi gani ikishawekwa kwa mtu huyu. Chukua mfano wa Chevening. Fedha hizi zimekuwa zikitolewa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza na washirika wake tangu mwaka 1983. Wizara ya mambo ya nje si wizara ya elimu. Inatafuta watu ambao miaka kumi au kumi na mitano ijayo watakuwa na sauti katika nchi zao, na ambao wakati huo watakuwa wanaifahamu Uingereza. Ndiyo maana inauliza habari za uongozi na za kujenga uhusiano na watu, na inataka mwombaji awe amefanya kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, ambayo kwa hesabu yao ni saa 2,800. Kazi ya kujitolea nayo huhesabiwa. Kwa hiyo kijana mwenye daraja la kwanza ambaye hajapata kuongoza hata kamati ya bweni anaweza kuachwa, na mwenzake wa daraja la pili la juu, aliyeanzisha dawati la kuwasaidia wajane katika mashauri ya mirathi, akachukuliwa. Watu hulalamika kwamba pana upendeleo. Mimi nadhani wengi wa wanaolalamika hawakuisoma fomu.

Nafasi za Jumuiya ya Madola ni habari nyingine. Mpango huo ulikubaliwa na nchi wanachama mjini Oxford mwaka 1959, na wanafunzi wa kwanza wakaanza mwaka uliofuata. Nafasi zinazotolewa na Uingereza chini ya mpango huo hulipiwa kwa fedha za misaada ya maendeleo, kwa hivyo swali lake kubwa ni namna nchi ya mwombaji itakavyofaidika. Tena mwombaji hutakiwa kueleza kwamba bila ufadhili huo asingeweza kumudu masomo ya Uingereza. Mtu akiichukua insha aliyoiandikia Chevening, iliyojaa habari za jinsi atakavyokuwa kiongozi mashuhuri, akaipeleka huku bila kubadili neno, amejiangusha mwenyewe. Mpango wa Japani na Benki ya Dunia, ulioanza mwaka 1987, unamtaka mtu ambaye tayari amefanya kazi za maendeleo kwa miaka kadhaa. Fulbright ya Wamarekani, iliyotokana na sheria ya mwaka 1946, iliundwa ili watu wa mataifa mbalimbali wafahamiane. Kwa ufupi, fedha zote hizi zina kusudi, na kusudi hilo limeandikwa katika ukurasa wa kwanza wa maelezo, ule ambao wengi huuruka kwa haraka ya kutafuta mahali pa kujaza jina.

Sasa saa. Anayetaka kuingia darasani Septemba ya mwaka kesho anapaswa kuwa amekaa mezani tangu katikati ya mwaka huu. Fomu za Chevening kwa kawaida hufunguliwa Agosti na kufungwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Za Jumuiya ya Madola aghalabu hufungwa Oktoba. Kozi za Ulaya ziitwazo Erasmus Mundus, ambazo humsomesha mtu katika nchi mbili au zaidi na, kwa wanaofadhiliwa, hutoa posho ya yuro 1,400 kwa mwezi, nyingi hufunga milango kati ya Oktoba na Februari. Maana yake ni kwamba barua ile ya Machi inapofika nyumbani na vigelegele vinapopigwa, sehemu kubwa ya fedha za mwaka huo imekwisha pata wenyewe.

Na kabla ya tarehe hizo kuna makaratasi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwajuma, cheti cha kidato cha nne kinasema Mwanajuma, na pasipoti imechukua jina la babu badala ya la baba. Kulinyoosha jambo hilo kwa hati ya kiapo na foleni za ofisi mbalimbali ni kazi ya wiki kadhaa. Transkripti nayo ina foleni yake. Mtihani wa Kiingereza, uwe IELTS au TOEFL, matokeo yake hudumu miaka miwili tu, na ada yake si ndogo, kwa hiyo usiufanye mapema mno ukaja kuulipia mara ya pili.

Lakini linalowaangusha wengi, kwa nionavyo, ni barua za wadhamini. Mwanasheria mmoja kijana aliyefika kituoni kwetu alinionyesha barua tatu alizokuwa amezikusanya. Ya kwanza ilitoka kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ikathibitisha kwamba mhusika ni mkazi, ana tabia njema na hajawahi kupatikana na kosa. Ya pili ilitoka kwa baba yake mdogo, mstaafu mwenye heshima zake. Ya tatu, ambayo ndiyo ingekuwa na uzito, ilitoka kwa mhadhiri wake, na ilikuwa na sentensi mbili: alikuwa mwanafunzi wangu, na alihudhuria vipindi.

Tumelelewa katika utaratibu wa barua ya mtaa. Barua hiyo hufungua akaunti ya benki na humdhamini ndugu aliyeko polisi. Huku haina kazi. Mfadhili anataka kumsikia mtu aliyeiona kazi yako kwa macho yake, akaeleza ulichokifanya na jinsi ulivyokifanya. Naye mhadhiri mwenye wanafunzi 300 hawezi kukukumbuka kwa jina tu, hata angependa. Hivyo mwombaji humrahisishia. Humwendea yule aliyeisimamia tasnifu yake, au mkuu wake wa kazi, mwezi mzima kabla ya tarehe ya mwisho, akiwa na ukurasa mmoja mkononi: nilikuandikia utafiti juu ya jambo fulani, ulinipa alama hizi, sasa nafanya kazi mahali fulani, mfadhili huyu anatafuta mtu wa namna hii, na siku ya mwisho ni hii. Zikibaki siku kumi, ujumbe mfupi: "Shikamoo mwalimu, samahani kwa usumbufu, nilikuwa nakukumbusha ile barua." Hakuna mwalimu atakayekasirika. Wengi hushukuru, kwa kuwa walikuwa wamesahau kabisa.

Kwa wanasheria njia ina miiba zaidi. Wafadhili wengi huvutwa na kilimo, afya, maji na uhandisi. Sheria huonekana kama taaluma ya kujitajirisha. Kwa hiyo mwombaji wa uzamili wa sheria hana budi kuonyesha sheria anayotaka kusoma inagusa nini: migogoro ya ardhi, mikataba ya madini, haki za watoto mahakamani. Kuandika kwamba una kiu ya elimu hakusaidii, maana wenye kiu hiyo ni maelfu.

Marekani ina ugumu wake. Kule sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza kwa miaka mitatu, na raia wao wengi huisoma kwa mikopo. Mwanafunzi aliyetoka kwetu kwa viza ya masomo hapewi mikopo ya serikali yao. Zaidi ya hayo, chuo hakitoi fomu ya kuombea viza mpaka kione ushahidi wa fedha za mwaka wa kwanza. Ndiyo maana wengi wetu huelekea kwenye uzamili wa mwaka mmoja, na hata huo hulipiwa kwa kuunganisha vipande. Kipande kimoja ambacho akina dada hawakijui vya kutosha ni cha chama cha wanawake kiitwacho P.E.O., ambacho tangu mwaka 1949 kimekuwa na mfuko wa kuwasaidia wanawake wa nchi nyingine kusoma shahada za juu Marekani na Kanada. Kiwango chake cha juu kimekuwa dola 12,500 kwa mwaka, na chama chenyewe kinasema wazi kwamba fedha hiyo haitoshi peke yake. Mwombaji aonyeshe nyingine itatoka wapi. Kwa watoto wa wahamiaji waliokulia huko, wakiwamo ndugu zetu Wasomali, Wakongo na Wakenya, kuna mfuko wa Paul na Daisy Soros unaotoa hadi dola 90,000 kwa masomo ya juu, sheria ikiwamo.

Anayeunganisha vipande aulize jambo moja mapema: je, chuo kitapunguza msaada wake nikileta fedha ya nje? Vipo vyuo vinavyofanya hivyo. Unaleta dola 10,000 ukidhani umepata nafuu, chuo kinaondoa dola 10,000 zake, na wewe unabaki pale pale. Swali hilo huulizwa kwa maandishi, na jibu huhifadhiwa. Tena sehemu ya fedha inayolipia chumba na chakula hukatwa kodi kule Marekani, kwa mgeni wa viza ya masomo kwa kawaida asilimia 14, isipokuwa kama kuna mkataba wa kodi.

Pia si lazima kupanda ndege. DAAD ya Wajerumani imekuwa ikiwalipia Waafrika wasome uzamili na uzamivu katika vyuo vya Afrika. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako mafunzo ya sheria yalianza mwaka 1961, kilianzishwa mwaka 2008 kituo cha sheria cha Watanzania na Wajerumani kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Bayreuth, ili kuwafadhili wanasheria wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ya Madola nayo ina nafasi za kusoma kwa masafa, mtu akiwa nyumbani na kazi yake. Nafasi hizi hazina picha za theluji za kuwatumia jamaa, na nashuku hiyo ni sababu mojawapo ya vijana kuzipita.

Kuhusu vishoka sitasema mengi. Zamani matangazo ya masomo yalibandikwa ubaoni kwenye balozi na British Council; leo yanazunguka katika makundi ya WhatsApp, mengine ya miaka mitatu iliyopita, mengine ya uongo mtupu. Chevening haitozi ada ya maombi. Jumuiya ya Madola haitozi. Chuo chaweza kudai ada yake ya fomu, na hiyo hulipwa kwa chuo chenyewe. Mtu anayetaka shilingi laki tano kwenye simu yake ili "akusukumie faili" hana faili la kusukuma.

Mwisho kuna sharti la kurudi. Chevening humtaka mhitimu akae nchini kwake miaka miwili baada ya masomo, na viza wanayopewa wanafunzi wa Fulbright ina sharti linalofanana na hilo. Mtumishi wa umma ahakikishe pia ana ruhusa ya masomo kutoka kwa mwajiri, kwa maandishi, kabla hajaaga, ili atakaporudi akikute kiti chake. Na aliyenyimwa mwaka huu huruhusiwa kuomba tena mwaka ujao. Ahifadhi nakala ya fomu yake ya kwanza, ampe mtu asiyemwonea haya aisome, na amwombe aweke alama kila mahali alipochoka kusoma.