Leseni ya Fundi wa Mitungi ya Kuzimia Moto

Mwenye nyumba hawezi kuujaribu mtungi wa kuzimia moto kwa kuutumia bila kuumwaga. Hivyo mwenye nyumba huiamini kadi aliyoifunga fundi. Kwa sababu hiyo, katika jimbo la Texas, Marekani, sheria humkataza asiye na leseni kufanya biashara ya kuitengeneza mitungi hiyo. Akikaidi, aweza kushtakiwa mahakamani. Naye mwenye leseni akivunja kanuni, leseni yake yaweza kusimamishwa au kufutwa. Wako waionao adhabu hiyo kuwa kali, lakini kadi ya uongo hugunduliwa moto umekwisha kuwaka, na roho za watu zimo hatarini. Ndugu askari, nawe mama wa nyumba, utazameni mshale wa mtungi wenu kila mwezi: ukitoka penye rangi ya kijani, mwiteni fundi aliyeidhinishwa.